Je, Mwenye Hoja ya Kweli Anayo Ruhusa ya Kutukana?

Ndugu msomaji, watu wawili wanapobishana, na mmoja wao akawa na haki katika jambo lenyewe lakini akaisema haki hiyo kwa matusi na dharau, tumhesabuje? Wako wanaosema kwamba hana lawama, kwa kuwa ukweli ni mchungu, na asiyetaka kuchomwa asikaribie moto. Wengine husema kwamba ulimi wake mbaya umeibatilisha hoja yake, na kwamba asisikilizwe mpaka ajifunze adabu. Mimi naona kauli zote mbili zina kasoro, na katika kurasa hizi napenda kulichunguza swali hili kwa kutazama mfano ambao huenda haukutarajiwa katika gazeti kama hili, nao ni mafundi wanaotengeneza programu za kompyuta kwa ushirika.

Nimewachagua hawa kwa sababu maalumu. Tunapobishana juu ya siasa, au juu ya mambo ya madhehebu, ni vigumu kumpata mwamuzi ambaye pande zote mbili zitamkubali. Lakini programu ama inafanya kazi ama haifanyi kazi. Mashine haina upendeleo. Kwa hiyo katika ufundi huu mwenye haki hujulikana upesi zaidi kuliko kwingineko, na swali letu husimama wazi likiwa peke yake: ikiwa haki yake imekwisha kujulikana, je, ulimi wake una maana yo yote?

Yafaa kwanza nieleze kazi yao. Programu nyingi huuzwa kama dawa iliyofungwa katika chupa, ambayo mnunuzi huinywa bila kujua imechanganywa nini. Programu huria ni kinyume cha hivyo. Maelezo yake yote, yaani msimbo ulioandikwa na fundi, huwekwa hadharani, na kila mtu anayo ruhusa kuusoma, kuutumia, kuubadili, na kuwapa wengine. Mtu wa Nairobi akiona kosa katika kazi iliyofanywa Helsinki, aweza kuandika sahihisho lake, ambalo mafundi hao huliita kiraka, na kulipeleka kwa mtunzaji wa sehemu ile. Mtunzaji hukichunguza kiraka, naye hukikubali au hukikataa, na mazungumzo yote hayo huandikwa mahali ambapo ulimwengu mzima waweza kuyasoma, leo na baada ya miaka thelathini.

Ushirika ulio mashuhuri kupita wote ni ule wa Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha tu. Leo kiini cha mfumo ule kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kubwa kabisa katika orodha ya dunia huendeshwa nacho. Maelfu ya watu wamekijenga. Baadhi yao hulipwa mishahara na makampuni makubwa, wengine hawalipwi hata senti moja. Hakuna aliyewateua, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Kinachowaunganisha ni maneno yaliyoandikwa tu, basi maneno yakiharibika hawana kitu kingine cha kuwashika.

Mabishano yalianza mapema. Mnamo Januari 1992, Linux ikiwa bado changa, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, ambaye mwaka 1987 alitengeneza mfumo mdogo wa kufundishia ulioitwa Minix, aliandika hadharani kwamba mfumo wa kijana yule umepitwa na wakati tangu kuzaliwa. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu. Alisema kwamba kiini cha mfumo yafaa kiwe kidogo, na kazi nyingine zigawanywe katika sehemu zilizojitenga, ili moja ikianguka nyingine zisianguke pamoja nayo. Lakini Torvalds alikuwa ameweka kila kitu katika nyumba moja isiyo na vyumba. Akaongeza kwamba kijana huyu angekuwa mwanafunzi wake, asingepata alama kubwa. Torvalds, aliyekuwa na miaka 22 na ambaye alijifunza mengi kutoka kitabu na mfumo wa profesa huyo huyo, alijibu kwa ukali usiostahili mwanafunzi kwa mwalimu. Kisha, haukupita muda mrefu, aliandika tena kuomba radhi kwa namna alivyosema, bila ya kuiacha hoja yake.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Hakusema, “Nimekosea katika ufundi.” Alisema kwa maana kwamba namna yake ya kunena haikuwa nzuri, na hoja aliiacha isimame kwa miguu yake. Watu wengi hawawezi kuvitenganisha vitu hivi viwili. Wao hudhani kwamba kuomba radhi kwa ajili ya ulimi ni kusalimu amri katika hoja, kwa hiyo hushikilia matusi yao kama askari anayeshikilia ngome. Nimeona jambo hili hata katika mabaraza ya dini, na pengine huko zaidi.

Lakini ukali wa mwanzoni haukwisha. Kadiri kazi ilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo ulivyogeuka kuwa desturi, hata ukawa kama kanuni ya uongozi. Nitataja tukio moja. Katika Desemba 2012 mtunzaji mmoja aliingiza badiliko lililosababisha baadhi ya programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi vizuri ziharibike, kisha akasema kosa ni la programu zile. Torvalds anayo sheria asiyoilegeza hata kidogo: kiini kisivunje programu za watumiaji, na kikizivunja, kosa ni la kiini. Sheria hii ni njema sana. Mtu aliyenunua kompyuta yake kwa taabu hapaswi kuamka asubuhi na kukuta haitoi sauti kwa sababu fundi wa mbali ameona njia iliyo nzuri zaidi. Basi Torvalds alikuwa na haki, wala hakuna aliyembishia katika hilo. Lakini barua aliyomwandikia mwenzake hadharani ilikuwa ya kumwamuru afunge kinywa, yenye maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwaka uliofuata, 2013, mtengenezaji mmoja aliyekuwa akishughulika na sehemu ya vifaa vya USB alisimama hadharani na kusema kwamba hataki kuvumilia tena lugha ya namna hii. Jibu la Torvalds lastahili kusikilizwa kwa uadilifu, kwa sababu ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote yanayotolewa na watu wakali. Alisema kwa ufupi kwamba hawezi kujifanya mpole hali yeye si mpole. Kwamba penye upole wa kujilazimisha watu huanza kuchomana visu kwa nyuma. Na kwamba katika maandishi, ambako uso hauonekani, ni bora mtu ajue waziwazi kwamba umekasirika kuliko kukisia.

Nani kati yetu hajaona ukweli wa maneno haya? Mimi nimekaa katika vikao ambamo kila mtu alimwita mwenzake “mheshimiwa,” chai ikanywewa, na baada ya kikao mtu akasengenywa mpaka akatoka katika kazi. Upole ule ulikuwa pazia tu. Kama hapana budi kuchagua moja, tusi la hadharani na fitina ya gizani, sijui kama ningethubutu kusema kwamba la kwanza ndilo baya zaidi.

Ila ni nani aliyesema kwamba tuna mambo mawili tu ya kuchagua? Hapa ndipo hoja ya wakali inapoanguka. Wao wanachanganya uwazi na tusi. Mtunzaji akiandika, “Kiraka hiki sikikubali, kwa sababu kinavunja programu za watumiaji, nacho kiondolewe leo,” amesema kila kitu. Hakuzungusha maneno, hakutabasamu kwa uongo, wala hakumwachia msomaji nafasi ya kukisia. Sasa aongeze kwamba aliyekileta ni mpumbavu. Je, tumejifunza jambo gani jipya juu ya kiraka? Hatukujifunza lo lote. Tusi halibebi habari yo yote juu ya jambo linalobishaniwa. Linabeba habari juu ya mtukanaji tu. Zaidi ya hayo, linaligeuza shauri lenyewe. Kabla ya tusi, aliyekosea alikuwa na swali moja mbele yake: nilikosea wapi? Baada ya tusi anayo mengine: nitaitetea vipi heshima yangu mbele ya watu elfu kumi wanaosoma? Naye atalijibu hilo la pili kwanza, kwa kuwa ni mwanadamu. Basi hata mtu asiyejali hisia za mwenzake, bali anajali kazi tu, amejikata mguu mwenyewe.

Yatupasa pia tuwakumbuke wale wasioandika kabisa. Aliyetukanwa twamwona, asiyejitokeza kwa kuogopa kutukanwa hatumwoni kamwe. Kijana aliyeko Mwanza au Bujumbura, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza na ambaye ameona kosa la kweli katika msimbo, husoma namna wakubwa wanavyosemeshana, kisha huifunga kompyuta yake na kwenda zake. Hakuna daftari linaloandika hasara hiyo.

Mwaka 2015 ushirika wa Linux uliweka rasimu fupi ya kuwataka watu watendeane wema, na katika mwaka huo huo yule mtengenezaji wa sehemu ya USB aliondoka, akieleza hadharani kwamba desturi ya mazungumzo ndiyo iliyomwondoa. Rasimu haikutosha. Tarehe 16 Septemba 2018 ndipo Torvalds mwenyewe alipoandika kwamba mashambulizi yake dhidi ya watu hayakuwa na udhuru, kwamba hakuelewa hisia za wengine inavyotakiwa, na kwamba atapumzika kidogo ili atafute msaada. Aliomba radhi, akamwachia Greg Kroah-Hartman kuimaliza kazi ya toleo lililokuwa mkononi, naye akarudi katika Oktoba. Wakati huo huo ushirika ulikubali kanuni kamili ya mwenendo.

Mtu wa makamo, mashuhuri, tajiri wa sifa, ambaye kazi yake imeenea duniani kote, na ambaye miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameutetea ukali wake kwa hoja, anasimama mbele ya ulimwengu na kusema, “Nilikosea.” Wapo waliocheka wakasema amelazimishwa. Mimi si hakimu wa moyo wa mtu. Naangalia tendo, na tendo ni zito.

Kanuni yenyewe haikupokewa na wote kwa furaha. Wengine waliogopa kwamba itakuwa fimbo ya kuwapigia watu wasiopendwa, na kwamba kuanzia sasa atapimwa mtu kwa maneno yake badala ya kazi yake. Tusiidharau hofu hii. Sheria ya adabu iliyo mikononi mwa wasio na adabu ni silaha mbaya kuliko tusi, maana tusi hujulikana kuwa ni tusi, lakini dhuluma iliyovaa kanzu ya sheria hupewa heshima. Mwaka 2024 mtunzaji mmoja wa mfumo wa kuhifadhi mafaili alizuiwa asiingize kazi yake kwa muda wote wa kutengeneza toleo la 6.13, kwa sababu ya lugha aliyomtolea mwenzake. Watu waligawanyika. Wengine walisema kanuni bila adhabu ni karatasi tu. Wengine walisema adhabu imewaangukia watumiaji waliokuwa wakisubiri masahihisho, ambao hawakumtukana mtu. Mimi nawaona wa kwanza wana haki zaidi, lakini nakiri kwamba wa pili nao hawakusema upuuzi.

Jambo lisilokanika ni kwamba utabiri wa wale waliosema kazi itakufa haukutimia. Matoleo ya kiini yameendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi kama kawaida, na ile sheria ya kutovunja programu za watumiaji ingali ipo, tena ingali inasimamiwa kwa ukali wote. Ukali umebaki juu ya msimbo.

Na iwe kumbukumbu kwamba wengine walitangulia katika jambo hili. Mwaka 2004 ulipotolewa mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, uliwekewa kanuni ya mwenendo tangu mwanzo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo, maana neno la Wazulu na Waxhosa ni ndugu wa damu wa neno letu, utu. Nashangaa kidogo kwamba sisi wenye neno hili tangu zamani twahitaji kulikuta juu ya mashine ndipo tulitazame upya.

Lakini mtu asidhani kwamba adabu ni kuacha matusi tu, kisha basi. Lipo kosa lingine ambalo halina tusi hata moja ndani yake. Mwaka 1957 Mwingereza C. Northcote Parkinson alisimulia juu ya kamati inayopitisha ujenzi wa tanuri la atomi kwa dakika chache, kwa kuwa wajumbe hawalielewi, kisha ikatumia muda mrefu kubishana juu ya kibanda cha kuwekea baiskeli, kwa kuwa kila mjumbe anajua kibanda ni nini na kila mmoja anataka kuonekana amechangia. Mwaka 1999 fundi wa Denmark, Poul-Henning Kamp, aliutumia mfano huo kuwaonya wenzake wa mfumo wa FreeBSD, na tangu siku hizo mafundi huzungumza juu ya rangi ya kibanda cha baiskeli wakati wo wote jambo dogo linapopata wasemaji wengi. Waliohudhuria vikao vya kuchagua rangi ya mlango wa msikiti au ya sare za shule hawana haja ya kupelekwa Denmark.

Hatari yake si upotevu wa saa tu. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Python, aliiongoza kwa miaka karibu thelathini, na wenzake walimwachia neno la mwisho katika kila jambo. Katika mwaka 2018 palizuka mjadala juu ya alama moja mpya, yenye nukta mbili na mistari miwili, ya kumwezesha mwandishi kukipa kitu jina katikati ya hesabu. Barua zilimiminika kama mvua za masika. Mwishowe aliikubali alama ile, na katika Julai ya mwaka huo akajiuzulu uongozi, akisema hataki tena kupigania jambo kwa nguvu namna hiyo na kisha akute watu wengi wanaidharau hukumu yake. Baraza la watu watano likachaguliwa mwaka 2019 kushika mahali pake. Huenda kila mmoja wa waandishi wale, ukimchukua peke yake, hakuandika ila barua moja au mbili zenye kustahimilika. Lakini mtu mmoja ndiye aliyezisoma zote. Anayetaka kusema katika baraza la watu wengi hana budi kujiuliza si tu kama neno lake ni la kweli na la heshima, bali pia kama limekwisha kusemwa na mwingine.

Sasa nafikia jambo linalonisumbua zaidi kuliko yote. Ipo programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Inatumika ndani ya mifumo mingi sana ya Linux, lakini mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, asiyelipwa kwa kazi ile. Katika mwaka 2022 zilianza kumjia barua hadharani kutoka kwa watu wasiojulikana, wakimlaumu kwamba anachelewa, kwamba hafai tena, kwamba ampe mwingine kazi. Yeye alijibu kwa unyenyekevu, akaeleza kwamba amekuwa na taabu ya afya ya akili, na kwamba kazi hii ni ya hiari isiyo na malipo. Barua za lawama hazikukoma. Na wakati huo huo alikuwapo msaidizi mmoja, aliyejiita Jia Tan, mpole, mwenye bidii, ambaye hakumtukana mtu, na ambaye viraka vyake vilikuwa vizuri. Mtunzaji aliyechoka akamwachia msaidizi huyu madaraka kidogo kidogo.

Katika Februari 2024 toleo jipya lilitoka likiwa na mlango wa siri ndani yake, wa kumwezesha aliyeutengeneza kuingia katika kompyuta za watu wengine bila idhini. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, fundi aliyekuwa akifanya majaribio ya jambo lingine kabisa, aliutangazia ulimwengu hila hiyo, baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kwa njia ya mbali kunachelewa kwa kiasi cha nusu ya sekunde na kutaka kujua kwa nini. Mlango ule uligunduliwa kabla haujaenea katika mifumo inayotumiwa na watu wengi. Nani alikuwa nyuma ya jina la Jia Tan halijulikani hadi leo, na wachunguzi wengi wanaona kwamba wale waliokuwa wakimlaumu mtunzaji walikuwa washirika wake, au yeye mwenyewe kwa majina mengine.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Wale waliomlaumu walitumia ukali kama mwizi anavyotumia shoka, kuvunja mlango wa moyo wa mtu aliyechoka. Na hila yao ilifaulu kwa sababu hapakuwa na mtu wa tatu aliyesimama na kusema, “Ndugu, huyu anatufanyia kazi bure, punguzeni maneno yenu, ama sivyo leteni mikono yenu.” Watu wengi walikuwa wakiitumia kazi yake. Laiti watano tu wangaliandika hivyo! Kumbe adabu ya baraza haimkalii msemaji peke yake. Inamkalia pia anayesoma na kunyamaza.

Lakini mtu aweza kuniuliza: je, yule mhaini mwenyewe hakuwa na adabu nzuri kuliko wote? Naam, alikuwa nayo. Basi si umeuvunja mjengo wako mwenyewe? La, sivyo. Sijapata kusema kwamba maneno mazuri ni dalili ya nia njema. Nimesema kwamba matusi hayaisaidii kweli. Anayeleta kiraka apokewe kwa heshima, na kiraka chake kichunguzwe kama kwamba kimeletwa na adui. Wala haya mawili hayapingani. Freund hakumshuku mtu. Aliishuku nusu ya sekunde. Kosa la watu wengi, katika dini na katika biashara vile vile, ni kudhani kwamba kumchunguza mtu kazi yake ni kumvunjia heshima, kwa hiyo mwenye maneno matamu huachwa apite bila kukaguliwa, na mwenye maneno machungu hukaguliwa mpaka kucha.

Wanavyuoni wa zamani wa Kiislamu waliifanya adabu ya mjadala kuwa elimu yenye jina lake, na mashuhuri katika elimu hiyo ni risala ya Shamsuddin as-Samarqandi, aliyeishi kiasi cha miaka mia saba iliyopita. Katika elimu hiyo mwenye kudai ana wajibu wake, na mwenye kuuliza ana wajibu wake: wa kwanza sharti alete dalili, wa pili sharti aseme ni hatua gani ya dalili anayoikataa. Katika mpango huo hamna kiti cha tusi. Hawakulikataza kwa ajili ya upole tu. Halikuwa na kazi ya kufanya.

Elimu hiyo ndiyo ninayowafundisha vijana katika chuo cha mbali na kwetu, na kwa hiyo nina deni la kusema jambo juu ya nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, mtu wa pande zetu, alisimama darasani na kuleta dalili iliyokuwa na tundu kubwa katikati. Nilikuwa na haki, na tundu lilikuwa dhahiri. Lakini sikumwonyesha tundu. Nilimfanyia mzaha, kwa mfano wa mtu anayechota maji kwa pakacha, na darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba somo limeeleweka. Kijana yule hakuinua tena mkono wake katika darasa langu.

Mwaka wa pili baada ya hapo, alipokuwa akijiandaa kuondoka kwenda kazini, niliomba daftari zake nizitumie kutengenezea mtihani. Katika ukurasa mmoja nilikuta ameandika pembeni, kwa penseli, kwamba sentensi moja ya Kiarabu niliyoifasiri ubaoni nimeigeuza maana yake. Nilikwenda kuangalia. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeifundisha vibaya kwa mihula minne, na wanafunzi wa mihula hiyo wengine walikuwa wamekwisha kutawanyika katika nchi zao, wakiifundisha kama nilivyowafundisha.

Nilimwita nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama chini kwanza, kisha akasema, “Ustadhi, nilikumbuka pakacha.”

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa, ingawa wengi waliokuwa wamecheka siku ile hawakuwapo tena. Kisha niliketi nikaandika barua kwa wote waliokwisha kuondoka, kuwasahihishia ile sentensi. Wawili wamenijibu.